Mlima wa Ipogolo na gia 21: laki mbili na nusu iende wapi kwanza?

Mwalimu mmoja wa Iringa ameniandikia hivi:

"Shikamoo Fundi. Nina baiskeli ya mtumba ya inchi 26, gia 21, niliinunua mwaka jana. Naishi Kihesa, nafundisha ng'ambo ya Ipogolo, kilomita 9 kwenda. Asubuhi nateremka raha mustarehe. Jioni ule mlima wa kurudi mjini naukokota kwa miguu, wanafunzi wananipita wanacheka. Wenzangu ninaoendesha nao Jumamosi wanasema niweke foku ya springi, breki za diski na gia 27. Nimejibana nikapata laki mbili na nusu. Nianze na kipi? Halafu nyumbani kuna Phoenix ya marehemu baba, magurudumu yake hayawezi kunifaa? Picha hizo hapo."

Marahaba, Mwalimu. Pole na mlima. Mimi nipo Morogoro lakini huo naujua. Niliwahi kuupanda na mzigo kwenye keria nikashuka kabla ya nusu, kwa hiyo sina ubavu wa kukucheka.

Picha zako nimezikuza mpaka nikasoma maandishi ya ubavuni mwa tairi. Ahsante kwa kupiga karibu. Watu wengi hunitumia picha moja, baiskeli imeegemezwa ukutani imeoshwa kama inakwenda kuposa, halafu wananiuliza inahitaji nini. Inahitaji kupigwa picha upya.

Katika vitu vitatu ulivyoshauriwa, usinunue hata kimoja. Pesa yako igawe kwenye rimu ya nyuma, breki, friwili (lile fungu la meno la nyuma linalozungushwa na cheni) na cheni yenyewe. Ikibaki, tairi. Nitaeleza kwa kirefu kidogo maana najua Jumamosi watakubana.

Diski tuimalize haraka. Breki ya diski inataka habu (kitovu cha gurudumu) yenye mahali pa kufungia sahani, na inataka fremu na foku (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) zenye masikio ya kushikilia ile mashine ya breki. Fremu yako haina masikio hayo. Atatokea mtu akwambie "tunachomelea tu". Zaidi ya miaka kumi iliyopita mimi nilikuwa mtu huyo. Nilimchomelea mteja masikio, kazi ikapendeza, akalipa, na baada ya miezi mitatu akarudi na fremu imepasuka nywele moja kutoka kwenye weldi yangu. Bomba la fremu ni jembamba, moto unalidhoofisha pembeni mwa weldi, na kila ukishika breki unalivuta hapo hapo. Ashukuriwe Mungu ilipasuka akiwa kwenye tambarare. Fremu isiyozaliwa na masikio ya diski haiwekwi diski, na za bei ya chini zinazovutwa kwa waya hazizipiti breki za V, hizi zako za mikono miwili inayobana rimu kwa raba, zilizofungwa vizuri kwenye rimu ya alumini.

Foku ya springi nayo. Yako ya chuma, isiyo na springi, ina uzito wa kilo moja na kidogo. Ya springi ya bei nafuu inapita kilo mbili, na ni ndefu zaidi, kwa hiyo itainua mbele ya baiskeli na usukani utakuwa mzito kukata kona. Ukisimama kwenye pedeli kupanda, inabonyea kila unapokanyaga, na nguvu uliyokusudia iende barabarani inaishia kwenye springi. Wewe unakwenda kazini kwa lami na vumbi kidogo. Springi yako ni upepo ulio ndani ya tairi, tutafika huko.

Sasa gia, maana ndiko kwenye kilio chako.

Idadi ya gia ni namba ya kuuzia. Chukua baiskeli yako mwenyewe. Mbele kwenye krenki, pale mikono ya pedeli inapofungwa, imechapwa 48-38-28: ni idadi ya meno ya kila sproketi. Nyuma nimehesabu kwenye picha: 14, 16, 18, 20, 22, 24, 28. Ukiwa kwenye 48 mbele na 24 nyuma, gurudumu linazunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukiwa kwenye 28 mbele na 14 nyuma, linazunguka mara mbili vilevile. Hizo ni gia mbili kwa jina, na mguu wako hautazitofautisha hata kidogo. Ukizipanga zote 21 utakuta nyingi zimelaliana namna hiyo, na kwenye 27 mambo ni hayo hayo. Swali la kumuuliza muuzaji ni: iliyo nyepesi kuliko zote ina wepesi gani?

Pima mwenyewe. Tia alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, sukuma baiskeli mpaka alama irudi chini, pima kwa futi kamba. Kwa tairi yako utapata kama mita 2.05. Gia yako nyepesi kabisa ni 28 kwa 28, yaani pedeli moja kwa gurudumu moja: kila mzunguko wa mguu unakusogeza mita 2.05. Mtu akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, na chini ya hapo magoti yanaanza kulalamika, anakwenda karibu kilomita 7.4 kwa saa. Kwenye mlima ule, baada ya vipindi vinane vya kusimama ubaoni, mwendo huo ni mkubwa. Ndiyo maana unashuka.

Ipo friwili ya gia saba ambayo sproketi zake ni 14, 16, 18, 20, 22, 24, kisha ghafla 34. Ni ile ile yako, wamebadilisha ya mwisho tu. Inaingia kwenye habu yako kwa thredi zile zile, na vibadilisha gia vya usukanini vinabaki vilivyo. Ukiwa na 28 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja unakusogeza mita 1.69, na kwa mizunguko ile ile 60 unapanda kwa kilomita 6 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea haraka, nakubali, ila umekaa, na jasho ni la kiasi. Utakaporuka kutoka 24 kwenda 34 utahisi kama umekanyaga ngazi ambayo haipo. Utazoea, badilisha kabla mlima haujakushika, usingoje mpaka miguu imeganda.

Kabla hujailipia, angalia ile mashine ya nyuma inayoning'inia, yenye vigurudumu viwili. Weka vidole vinne kati ya katikati ya kigurudumu cha juu na cha chini. Vikienea, ni ya mkono mrefu na ina uwezekano mzuri wa kuibeba 34. Visipoenea, ni ya mkono mfupi na utahitaji nyingine, kwa hiyo uliza bei zote mbili kwa pamoja. Kwenye picha yako inaonekana ndefu, lakini picha huongopa.

Friwili mpya ifungwe na cheni mpya. Urefu wake usikatwe kwa kulinganisha na ya zamani, maana ile ilikatiwa 28. Izungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mashine, ivute ikutane, kisha ongeza inchi moja. Hapo ndipo ikatwe.

Kama kuna mtu atakwambia cheni yako bado nzima, mpe rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, vuta cheni ikaze, hesabu pini 24 kwenda mbele. Pini ya 24 inatakiwa iangukie juu ya inchi 12 barabara. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imekwisha lakini sproketi pengine zimepona. Ikizidi kwa sehemu moja ya 8, imeshazila na sproketi; hapo cheni mpya juu ya friwili ya zamani itakuwa inaruka kila ukikanyaga kwa nguvu, yaani mlimani, na utaigonga fremu kwa sehemu ambayo hatuitaji hapa. Yako kwa ile kutu nadhani ipo kundi la pili.

Kuhusu kuitoa friwili ya zamani nisikilize vizuri, maana hapa ndipo habu nyingi hufia. Friwili hujikaza yenyewe kila unapokanyaga pedeli. Ya miaka mingi imekazwa na miguu ya watu usiowajua, huko ilikotoka na hapa. Inafunguliwa kwa kifungulio chake chenye meno, kinachoingia katikati kuzunguka ekseli. Kiingize, kishikilie kwa nati ya ekseli kisichomoke, kibane kifungulio kwenye jiriwa, halafu shika gurudumu zima kwa mikono miwili kama usukani wa lori, uzungushe kinyume cha saa. Itatoa mlio mmoja kama risasi. Ikishalia tu, legeza nati kwanza, ndipo uendelee. Gurudumu lenyewe ndilo mtarimbo wako. Fundi akianza kutafuta tindo na nyundo, chukua gurudumu lako uondoke, hata kama ni rafiki yako.

Nimeanza na gia kwa sababu ndizo ulizouliza. Kama ni mimi mwenye pesa hiyo, ningeanza na breki.

Rimu yako ya mbele ni ya alumini, ya asili. Ya nyuma inang'aa kama kioo cha kinyozi: hiyo ni chuma kilichopakwa kromu, kuna mtu alibadilisha ya kwanza ilipopinda. Ikiwa kavu inashika. Ikilowa, maji yanatanda juu ya kromu na raba inateleza; unabana breki, gurudumu linaendelea na safari zake kwa mizunguko kadhaa, ndipo linakumbuka. Kiangazi hiki hujaliona hilo. Litakuja mvua zitakapoanza, asubuhi, ukiteremka kuelekea Ipogolo na malori ya njia ya Mbeya yako pembeni. Watu hushughulika na kupanda kwa sababu ndiko kunakouma, lakini kinachoua ni kuteremka.

Nunua rimu ya alumini ya matundu 36, ya ukubwa ule ule. Mwambie fundi mambo mawili. Kwanza, apime urefu wa spoku upya. Rimu mbili zinaweza kuwa zote inchi 26, zote matundu 36, na bado zikataka spoku tofauti kwa sababu kina chake hakilingani. Pili, gurudumu la nyuma la gia hukaa kiajabu: friwili inakula nafasi ya upande wa kulia, kwa hiyo spoku za kulia ni fupi kidogo na zimekazwa zaidi kuliko za kushoto. Rimu inatakiwa ikae katikati ya ncha mbili za ekseli. Ikikaa katikati ya habu, gurudumu litalala upande mmoja wa fremu. Fundi akimaliza, zikwangue spoku za upande mmoja kwa ukucha kama gitaa. Zikitoa sauti inayokaribiana, kaa utulie. Moja ikilia "ting" na jirani yake "tap", mrudishie kabla hujalipa.

Ya mbele iangalie kama haijalika. Weka rula imesimama ubavuni, pale raba inapogusa. Ukiona mwanga umejipinda kama mwezi mchanga kati ya rula na rimu, siku zake zinahesabika.

Kisha raba mpya nne, waya mpya, na ganda la waya jipya. Hapo kwenye ganda watu hubana matumizi, na humo ndimo kutu inamokaa. Unavuta mkono wa breki unadhani raba zimekwisha, kumbe nguvu zinaishia ndani ya ganda. Raba iguse rimu tupu. Ikipanda juu itakata tairi ubavuni, ikishuka chini itateleza kwenda kwenye spoku. Wakati wa kufunga, weka kipande cha kadi ya vocha chini ya ncha ya nyuma ya kila raba, bana breki, kaza nati, toa kadi. Raba itagusa kwa ncha ya mbele kwanza, na zile kelele za nguruwe zitaisha. Upande mmoja ukigusa rimu na mwingine hauji, usikunje springi kwa koleo. Chini ya kila mkono wa breki kuna skrubu ndogo ubavuni. Kaza ya upande unaogusa robo mzunguko, jaribu, kaza tena.

Na ukiteremka, usiishike breki moja kwa moja kutoka juu mpaka darajani. Shika, mwendo upungue, achia, shika tena. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Ya nyuma inasaidia. Najua ulifundishwa kuiogopa ya mbele. Sote tulifundishwa hivyo.

Tairi. Ubavuni mwa yako pameandikwa 26 x 1.95, na kwa maandishi madogo 50-559. Hiyo 559 ndiyo namba ya kwenda nayo dukani: ni kipenyo cha rimu kwa milimita, pale tairi inapokalia. "Inchi 26" peke yake haikuambii kitu. Kijana mmoja alinijia na tairi mpya nzuri aliyoagiza Dar, imeandikwa 26 x 1 3/8, akanikuta nanywa chai, akaniomba nimbadilishie fasta. Nikamwambia aisome namba ndogo: 590. Rimu yake 559. Milimita 31 za tofauti, tairi ikawa inacheza juu ya rimu kama bangili ya mama mkononi mwa mtoto. Hizo za 590 ni za baiskeli za mjini, zile za kikapu zinazotoka Japani. Duka lilikataa kumrudishia, na sijui mpaka leo aliifanyia nini.

Za kwako zina vipara katikati na meno makubwa pembeni, ni za matope. Kwa lami tafuta 559 yenye mstari laini katikati, upana huo huo. Kwa mtu wa kilo 70 hivi anza na psi (kipimo cha upepo) 45 nyuma na 40 mbele. Wengi hujaza upepo kwa kubonyeza na kidole gumba tu. Kidole gumba kinadanganya. Tafuta pampu yenye mshale. Pesa ikiwa haitoshi, tairi zisubiri, hizo ulizonazo zitakufikisha Krismasi.

Phoenix ya mzee. Magurudumu yake hayakufai hata kwa kulazimisha. Ni ya 28 x 1 ½, kipenyo 635, na rimu yake imeviringwa kwa ajili ya zile breki za vyuma zinazobana kwa ndani, upande wa spoku. Haina ubavu bapa wa kushikwa na raba zako. Hata spoku zake ni 32 mbele na 40 nyuma. Wazee waliozijenga vile walijua zitabeba gunia na mtu juu yake.

Lakini usiitupe stoo. Hesabu meno ya sproketi ya nyuma. Kama ni 18, weka friwili ya 22, ongeza kipande cha cheni, na itakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 18, sawasawa na nafuu utakayoipata kwenye hii nyingine ukitoka 28 kwenda 34. Cheni yake ni pana, ya inchi 1/8, na ya baiskeli ya gia ni 3/32, kwa hiyo usiihamishie masalia. Kama krenki inagonga "tok" kila ukikanyaga, ni kotapini, ile pini inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli yake. Badilisha zote mbili, na zigongwe zikielekea pande tofauti ili mikono ya pedeli ikae mstari mmoja. Itakufaa kwenda dukani na kanisani. Ipogolo usiende nayo wakati wa mvua, rimu zake ni kromu pia.

Mengine ni madogo ila ni ya bure. Siti yako iko chini mno. Naona goti lako limekunjwa kwenye picha ya tatu. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake goti litakunja kidogo, panapotakiwa. Usipitishe ule mstari uliochorwa kwenye bomba la siti. Hapo tu utashangaa mlima umepungua. Na ukibadilisha pedeli, kumbuka ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kama unakaza.

Cheni mpya usiipake oili iliyomwagwa kutoka kwenye gari wala grisi. Vumbi la kwenu la Septemba litaigeuza kuwa msasa. Tone moja la oili nyepesi kwa kila kiungo, zungusha pedeli nyuma, kisha ifute kwa kitambaa mpaka udhani umeiondoa yote. Iliyobaki ndani ndiyo inayofanya kazi.

Kwa hiyo uliza bei za Iringa kwa mpangilio huu: rimu na spoku na ufundi wake, raba na waya, friwili na cheni. Jitahidi rimu na friwili zifanywe siku moja, maana friwili lazima itoke ndipo spoku za kulia zichomoke.

Na siku hiyo friwili ikiwa nje, kabla hawajafunga chochote kipya, zungusha ekseli kwa vidole huku umeliinua gurudumu usawa wa macho. Ncha ya upande wa friwili ikichora duara badala ya kutulia sehemu moja, ekseli imepinda, ni ugonjwa wa kawaida wa habu za aina hiyo kwa sababu gololi za kulia zimekaa mbali na ncha. Ikiwa hivyo, nipigie picha unitumie kabla hujalipia rimu.